Gemu Ndiyo Inayouza Mtambo

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo hunijia kila nionapo matangazo ya mitambo ya gemu, hii mitambo ambayo vijana huiunganisha na televisheni, wakashika padi mikononi na kucheza hata wakasahau kula. Kila kampuni huja na hesabu zake: bongo la mtambo wetu lina kasi kadha, picha zake zatakata kadha wa kadha, nguvu zake zapita za jirani. Anayezisikiliza hesabu hizo hudhani kwamba biashara hii ni kama mashindano ya punda wa Lamu, mwenye mbio ndiye mshindi na maneno yakaishia hapo.

Walakini mambo hayakwenda hivyo hata kidogo. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 mtambo wenye nguvu umeshindwa mara nyingi na mtambo dhaifu, na sababu aghalabu imekuwa katika gemu zenyewe, hasa zile zisizopatikana mahali pengine. Naandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, mtambo mmoja mpya siku hizi wala fedha ambazo kwa jamaa nyingi za hapa pwani ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na mzazi anayezitoa mfukoni astahili kujua anachokinunua. Pili, jambo kubwa limetokea katika biashara hii, nalo lataka kutazamwa kwa utulivu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft, wenye mtambo wa Xbox, ilitangaza kwamba gemu ya Halo itaundwa upya, itoke mwaka 2026, tena itachezwa hata katika PlayStation 5 ya Sony. Kwa asiyejua, Halo ndiyo gemu iliyoijengea Xbox jina tangu 2001. Kwa miaka yote hiyo, aliyetaka mtambo wa kuunganisha na televisheni ili aicheze hakuwa na budi kuununua mtambo wa Microsoft. Kuipeleka kwa Sony ni kama nahodha wa klabu kuvalishwa jezi ya mahasimu, akaambiwa achezee pande zote mbili.

Je, imekuwaje hata Microsoft, kampuni tajiri mno duniani, yenye mtambo wenye nguvu, ikafikia hapo?

HESABU ZA KARATASINI

Mwezi wa Novemba 2020 mitambo miwili iliingia sokoni ikipishana kwa siku mbili tu. Xbox Series X ilitoka tarehe 10, na PlayStation 5 ikaanza kuuzwa tarehe 12. Bei yake huko Marekani ilikuwa moja, dola 499. Kwa hesabu za karatasini Xbox ilikuwa mbele. Nguvu zake za kuchora picha zilipimwa kuwa teraflopi 12, ilhali za PlayStation 5 zilikuwa teraflopi 10.28. Teraflopi moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde moja, basi tofauti hiyo si ya kupuuza, na Microsoft waliitangaza kwa kila mwenye masikio.

Lakini mnunuzi alipofika nyumbani na kuufungua mtambo wake alikuta upungufu mmoja. Gemu ya Halo Infinite, iliyokusudiwa kutoka pamoja na mtambo huo, haikuwa tayari. Iliahirishwa, ikatoka mwezi wa Desemba 2021, mwaka mzima na zaidi baadaye. Mwenye Xbox alikuwa na gari jipya lenye injini kubwa, ila barabara aliyoahidiwa ilikuwa ingali ikijengwa.

Sony kwa upande wao walianza na gemu ya Demon's Souls iliyoundwa upya kwa ajili ya PlayStation 5 peke yake. Tena ndani ya kila mtambo waliweka bure gemu ndogo iitwayo Astro's Playroom, ambayo kazi yake ilikuwa kuufundisha mkono wa mchezaji maajabu ya padi mpya, namna inavyotetema na namna vitufe vyake vinavyokaza. Kufikia mwisho wa Septemba 2025 Sony walikuwa wamekwisha kupeleka sokoni PlayStation 5 zaidi ya milioni 84. Microsoft waliacha kutangaza idadi ya mitambo waliyouza tangu mwaka 2015, na mfanyabiashara anayeyaficha mauzo yake ni nadra kuwa na habari njema za kuficha.

Kadhalika ile tofauti ya teraflopi haikuonekana machoni kama ilivyoonekana kwenye matangazo. Waliozilinganisha gemu za mitambo hiyo miwili, picha kwa picha, walikuta mara huu uko mbele kidogo, mara ule. Mtu aliyeketi kitini, mbali na televisheni, hawezi kuitambua tofauti hiyo. Lakini atatambua mara moja kwamba gemu anayoitaka haimo dukani kwa mtambo wake.

BETRI NNE ZILIZOSHINDA BETRI SITA

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni geni. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mtambo mdogo wa kushika mkononi ulioitwa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa cha kijani-kijivu tu, wala hakikuwa na taa ndani yake, hata mchezaji alilazimika kutafuta mwanga wa dirisha au wa taa ya chumbani. Mwaka uliofuata kampuni ya Sega, pia ya Japani, ilitoa Game Gear yenye rangi nzuri na taa ndani ya kioo. Aliyeziweka mbili hizo mezani aliona wazi ipi ni ya fahari.

Hata hivyo Game Boy, pamoja na ndugu yake mwenye rangi aliyekuja mwaka 1998, iliuzwa zaidi ya milioni 118, na Game Gear haikukaribia hapo. Game Gear ilikula betri 6 kwa saa chache tu, 3 au 5, ilhali Game Boy yenye betri 4 ilidumu saa 15 na kuzidi. Lakini betri peke yake hazikutosha kuleta ushindi ule. Nchini Marekani Game Boy iliuzwa pamoja na Tetris, gemu ya matofali yanayoanguka iliyobuniwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, na Nintendo walihakikisha kwamba haki ya kuitoa kwa mitambo ya mkononi ni yao. Kisha mwaka 1996, wakati ambapo Game Boy ilikuwa imekwisha kuzeeka, ikatoka Pokémon huko Japani, na mtambo mkongwe ukazaliwa mara ya pili.

Aliyeiunda Game Boy, bwana Gunpei Yokoi, alikuwa na falsafa yake. Aliamini kwamba fundi achukue ufundi uliokwisha kuzoeleka, wa bei nafuu na usio na siri, kisha atafute njia mpya ya kuutumia. Yokoi alifariki mwaka 1997, lakini kampuni yake haijaliacha fundisho hilo hata leo.

Mwaka 2006 Nintendo walirudia mchezo ule ule. Sony walitoa PlayStation 3, mtambo wa ajabu kwa nguvu, nchini Marekani ukiuzwa dola 499 na mwingine dola 599. Nintendo wakatoa Wii kwa dola 250, dhaifu mno ukiulinganisha, lakini mchezaji alishika kijiti akakipunga hewani kana kwamba ameshika raketi ya tenisi. Mababu na mabibi ambao hawajapata kugusa padi maishani mwao walicheza. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 101, na PlayStation 3 ikakomea milioni 87 na ushei.

Na Microsoft wenyewe je? Xbox yao ya kwanza ya mwaka 2001 iliishinda PlayStation 2 kwa nguvu. Mtambo ule wa Sony hata hivyo umeuzwa zaidi ya milioni 160, na Xbox ilikuwa kiasi cha milioni 24. Kilichowaokoa Microsoft wasifutike kabisa ni Halo. Ajabu ni kwamba gemu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 jukwaani mwa Apple, ikitangazwa na Steve Jobs kuwa itachezwa katika kompyuta za Mac. Mwaka 2000 Microsoft wakainunua kampuni ya Bungie iliyokuwa ikiiunda, na Halo ikahama pamoja nayo. Matajiri wale walikuwa na fedha, walikuwa na nguvu za mtambo, na bado walijua kwamba bila gemu ya kuwavuta watu wameuza sanduku tupu.

PINGAMIZI ZA HAKI

Sasa ni haki niyatazame maneno ya upande wa pili, kwa maana hoja isiyopingwa haijapimwa.

Kuna watakaosema kwamba PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikuwa na nguvu kuliko Xbox One, teraflopi 1.84 dhidi ya 1.31, nayo ndiyo iliyoshinda. Ni kweli. Lakini pia ilikuwa na bei ya chini, dola 399 dhidi ya dola 499. Gemu zake za pekee zilizovuma, kama Bloodborne ya 2015 na God of War ya 2018, zilikuja baadaye zikautia msumari ushindi uliokwisha kuanza. Hapo nguvu na bei na gemu zilikwenda pamoja, na hakuna awezaye kudai kwamba nguvu peke yake ndiyo iliyouza.

Wengine watasema kwamba gemu nzuri za pekee pia zimeshindwa. Hilo nalo ni kweli, tena ndilo lenye uzito. GameCube ya Nintendo ilikuwa na Metroid Prime na gemu nyingine zinazosifiwa hadi leo, lakini iliuzwa chini ya milioni 22. Dreamcast ya Sega ilipendwa mno na walioijua, na mwaka 2001 Sega wakaacha kabisa kuunda mitambo.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Wii U. Mtambo huo wa Nintendo wa mwaka 2012 ulikuwa na Mario Kart 8, gemu ya mashindano ya magari isiyo na dosari, na hata hivyo ukauzwa milioni 13 na nusu tu. Mwaka 2017 Nintendo waliichukua gemu ile ile, wakaiongeza mambo machache, wakaiuza kwa ajili ya mtambo mpya wa Switch. Imeuzwa zaidi ya milioni 60. Gemu ni moja, mwenyewe ni mmoja. Kilichobadilika ni kwamba Switch yaweza kuchomolewa kwenye televisheni ikachezwa ndani ya matatu au kivukoni, ilhali Wii U watu wengi hawakuelewa hata ni kitu gani.

Kwa hivyo nasema hivi. Gemu ya pekee humpa mtu sababu ya kutaka mtambo, na mtambo wenyewe lazima umpe namna ya kucheza inayoafikiana na maisha yake na mfuko wake. Nguvu huja nyuma ya mambo hayo mawili. Switch ilitoka mwezi wa Machi 2017 ikiwa dhaifu. Miezi minane baadaye Microsoft wakatoa Xbox One X yenye teraflopi 6, na wakati huo hapakuwa na mtambo wa nyumbani wenye nguvu zaidi duniani. Switch imeuzwa zaidi ya milioni 150. Xbox One X leo yakumbukwa na mafundi na wapenzi wake.

MSHONA KANZU

Yafaa pia tujiulize kwa nini gemu za pekee aghalabu huwa nzuri. Mimi naona sababu yake ni sawa na ya mshonaji. Fundi anayemshonea mtu mmoja kanzu humpima mabega, akajua bega moja limeshuka kidogo, akaikata nguo ifuate mwili. Fundi anayeshona kanzu mia za duka hukata kwa kipimo cha wastani, na kila mnunuzi hukuta mahali panapombana au panapopwaya.

Waundaji wa gemu ni vivyo hivyo. Anayeunda kwa mtambo mmoja aujua udhaifu wake na siri zake zote. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017 ilitoka kwa mitambo ya Nintendo tu, Wii U na Switch, yote miwili ikiwa dhaifu. Waundaji hawakushindana kuhesabu majani ya mti mmoja mmoja. Walichora dunia kama picha ya rangi za maji, kisha wakatia akili yao katika upepo, moto, mvua na mawe, hata mchezaji akiwasha nyasi huona moto ukiinua hewa na hewa ikambeba juu. Hiyo ni kazi ya watu walioijua nguo wanayoishona na mwili utakaoivaa.

UKUTA WAANGUKA

Ikiwa gemu za pekee zina faida yote hiyo, mbona Microsoft waubomoa ukuta wao wenyewe?

Jibu ni gharama. Mwezi wa Juni 2023, katika kesi baina ya serikali ya Marekani na Microsoft, hati za mahakamani zilionyesha bila kukusudiwa kwamba gemu mbili za Sony, The Last of Us Part II na Horizon Forbidden West, ziligharimu zaidi ya dola milioni 200 kila moja kuundwa. Gemu ya gharama hiyo ikiuzwa kwa wenye mtambo mmoja tu, yataka mtambo huo uwe umeenea sana ndipo fedha zirudi. Mwenye mitambo michache hawezi kuubeba mzigo huo.

Bwana Phil Spencer, aliyeongoza Xbox wakati huo, alisema wazi mwezi wa Mei 2023 kwamba walishindwa katika kizazi kibaya zaidi kushindwa, kile cha PlayStation 4 na Xbox One, kwa kuwa ndipo watu walipoanza kujiwekea maktaba za gemu zisizo na diski. Maana yake ni kwamba aliyenunua gemu 50 katika akaunti yake ya Sony hawezi kuhama nazo. Akaenda mbali zaidi, akasema si kweli kwamba gemu nzuri peke yake zingewafanya watu waiuze mitambo yao na kuja kwao. Ni neno zito kutoka kwa muuzaji, na lanilazimisha nikubali mpaka wa hoja yangu: gemu ya pekee humwingiza mtu nyumbani, lakini aliyekwisha kupanga samani zake nyumba nyingine hahami kwa sababu ya chumba kimoja kizuri.

Microsoft walijaribu kununua ushindi. Mwezi wa Oktoba 2023 walikamilisha kuinunua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7. Lakini ili waruhusiwe walitoa ahadi ya miaka 10 kwamba Call of Duty itaendelea kuuzwa kwa mitambo ya Sony. Mwezi wa Februari 2024 wakatangaza gemu nne za kwanza kuvuka ukuta. Mwaka 2025 zikafuata Forza Horizon 5, Indiana Jones and the Great Circle na Gears of War, na mwisho wake likaja tangazo la Halo.

Sony nao wamefungua mlango kidogo. Tangu 2020 baadhi ya gemu zao kubwa zimekuwa zikifika kwenye kompyuta baada ya muda, na Helldivers 2 ya mwaka 2024 ilifika hata Xbox mwezi wa Agosti 2025. Nintendo ndio waliobaki na lango lililofungwa. Switch 2 ilipotoka tarehe 5 Juni 2025 iliuzwa zaidi ya milioni 3.5 kwa siku 4 za kwanza, na gemu iliyokuwa mbele ya zote ni Mario Kart World isiyopatikana kwingine kokote.

Mimi siushangilii moja kwa moja ukuta huu kuanguka, ijapokuwa ni raha kwa mwenye mtambo mmoja kuona gemu za jirani zikimfuata mlangoni. Mitambo ikishakuwa na gemu zile zile, kinachobaki kuitofautisha ni nguvu na bei, na mwenye wateja wengi atakuwa na sababu ndogo ya kupunguza bei. Hapo zamani mtambo ulishuka bei kadiri ulivyozeeka. PlayStation 2 ilianza kwa dola 299 huko Marekani, na mwaka 2009 ikawa dola 99. Mwaka 2025 mambo yaligeuka. Xbox Series X iliyoanza kwa dola 499 ilipandishwa mara mbili mwaka huo hadi dola 649, na PlayStation 5 ikapandishwa dola 50. Kampuni zilitaja ugumu wa uchumi, na huenda ni kweli. Lakini mtambo wa miaka mitano kuuzwa ghali kuliko siku ulipozaliwa ni jambo ambalo mnunuzi wa miaka ya nyuma asingelikubali, kwa kuwa alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tena nguvu ya soko sasa yahamia kwa wenye gemu. Mwezi wa Septemba 2025 ilitangazwa kwamba mfuko wa uwekezaji wa Saudia, ukishirikiana na kampuni mbili za Marekani, wakusudia kuinunua Electronic Arts kwa dola bilioni 55. Electronic Arts hawana mtambo hata mmoja. Walicho nacho ni gemu, na juu ya zote ni ile ya kandanda, inayochezwa katika kila mtambo. Fedha nyingi kiasi hicho zikimwendea asiye na mtambo, tumepewa dalili ya thamani ilipo.

HAPA KWETU

Nimepita mara nyingi katika mabanda ya gemu ya Mombasa, yale ambamo vijana hulipa kwa mechi na mshindi hubaki kitini. Karibu mara zote nimekuta mtambo ni PlayStation, mara nyingine wa zamani mno, na gemu ni kandanda. Sasa kandanda hiyo hupatikana hata katika Xbox. Mbona basi Xbox haionekani?

Sababu ni mazoea na wepesi wa soko. PlayStation 2 ilienea mitaani, diski zake zikapatikana kila pembe, mafundi wakajifunza kuitengeneza, na padi zake zikauzwa mpya na za mkono wa pili. Mwenye banda akitaka mtambo mwingine hufuata palipo na fundi, diski na padi. Kijana naye ameyazoea mapigo ya vidole vyake katika padi ile, na hataki kufungwa mabao matano mbele ya wenziwe kwa sababu ya padi ngeni. Kwa watu hawa gemu ni ile inayochezwa na wote, na upekee wake umo katika mtaa wenyewe, hamna tangazo liwezalo kuuza kitu hicho.

Jambo jingine latuhusu zaidi, nalo ni akaunti. Kenya haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na akaunti za mtandao wa PlayStation. Vijana wetu hujisajili kana kwamba wakaa nchi nyingine, wakatafuta kadi za malipo za huko. Mwezi wa Mei 2024 Sony walitaka wanaocheza Helldivers 2 kwa kompyuta wawe na akaunti hizo, na gemu ikaondolewa kuuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo. Wachezaji walipiga kelele na sharti likaondolewa baada ya siku chache. Lakini funzo limebaki: gemu yaweza kuwa ya pekee kwa mtambo, na pia yaweza kufungiwa nchi, na aliye nje ya lango hana wa kumshtakia.

Kwa hiyo nampa shauri mzazi au kijana anayeweka akiba yake. Aanze na gemu. Aulize ni ipi hasa itakayochezwa nyumbani kwake, na kama yapatikana katika mtambo mmoja tu au katika yote. Ikiwa ni kandanda tu, hana haja ya kukimbilia mtambo mpya, kwa maana wa zamani wenye hali nzuri utamtosha, na ataweza kucheza na jirani zake. Ikiwa ni Zelda au Mario, teraflopi za wengine hazitamsaidia lolote, hana njia ila Nintendo. Ikiwa ni gemu ya Microsoft, asiwe na haraka, kwa kuwa huenda ikamfikia alipo.

Pili, aulize habari ya diski. Mtambo wenye mahali pa kutia diski humwezesha kununua gemu iliyotumika, kumwazima ndugu yake na kuiuza akiichoka. PlayStation 5 Pro iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 699, yenye nguvu kuliko ndugu zake wote, yauzwa bila sehemu hiyo, na mwenye kuitaka huinunua kando. Nchi ambayo akaunti zake ni za kuazima haifai kuipuuza diski.

Teraflopi ziwe swali la mwisho, pale ambapo mengine yote yamelingana. Nguvu ni neema kwa mwenye gemu ya kuitumia, na asiye na gemu hiyo amenunua feni ya kupuliza hewa moto sebuleni. Muuzaji akianza kukuhesabia trilioni zake kabla hujamwambia unataka kucheza nini, mkatize kwa adabu, umtajie jina la gemu yako, kisha usubiri jibu.